Cheti cha Kuoza

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure. Tuiite Jamhuri ya Unadhifu, na atakayesema anaijua, shauri yake, mimi sikumtajia. Ni nchi safi mno. Usafi wake umeandikwa kwenye noti, kwenye kofia za askari na kwenye milango ya vyoo vya umma visivyo na maji. Hata jalala kuu la mji, lile ambalo moshi wake huwakohoza watu wa kata tatu, lina bango jipya lenye maneno ya dhahabu: HAPA NI SAFI.

Katika mji huo alizaliwa Mshamu, mtoto wa pekee wa mjane mmoja aitwaye Bi Somoe binti Athumani, na kila kilichomo mwilini mwa Mshamu kilitokana na mabumunda. Bumunda ni unga wa mahindi uliokandwa na ndizi mbivu, ukafungwa ndani ya jani la mgomba na kuchemshwa mpaka ukashikana. Jani lenyewe halifungwi hivi hivi. Hubabuliwa kwanza juu ya moto, upande huu kisha ule, mpaka lilegee. Ukifanya haraka linapasuka, ukizubaa linaungua. Bi Somoe alijua limekuwa tayari kwa kunusa tu, huku anaongea mambo mengine.

Kwa miaka thelathini na miwili mama huyo alikaa nje ya lango la hospitali kuu na sinia lake. Wagonjwa ambao chakula kingine hakikuwapita kooni, ndugu zao walitoka mbio kumtafuta yeye. Watu wakishakula, majani yaliokotwa na mbuzi, na yale ambayo mbuzi hawakuyataka yalioza palepale chini ya ua. Taka ya Bi Somoe hakuna aliyewahi kuiona. Hilo ndilo lililokuja kumponza, lakini tusitangulie.

*

Mambo yalianza Waziri wa Mazingira aliposafiri kwenda kwenye mkutano nchi za mbali, huko akaonyeshwa picha ya kasa aliyenasa kwenye mfuko wa plastiki. Waziri akalia. Sasa, kule Unadhifu, Waziri akilia hutoka kanuni. Aliposhuka tu kwenye ndege akatangaza Kanuni ya Kwanza: plastiki marufuku, mfuko, karatasi yake, hata mpira wa kufungia.

Sherehe ya kuizindua ilifanyika uwanja wa mpira. Wakatafuta mwananchi wa mfano, asiyetumia plastiki, wakakuta mji mzima ni Bi Somoe peke yake. Akapandishwa jukwaani na sinia lake, kitambaa kichwani. Waziri akatwaa bumunda moja, akalifungua mbele ya kamera, akaliinua jani juu.

"Ndugu wananchi! Mnaona jani hili? Hili si jani! Hili ni sera! Hili ni dira! Mababu zetu walikuwa mbele ya dunia nzima, ila hawakuandika ripoti!"

Makofi! Waziri akala la kwanza, la pili na la tatu, akajifuta vidole kwa ratiba ya sherehe, kisha akauliza kwa kipaza sauti, "Mama huyu ana mtoto?"

"Anaye, Mheshimiwa."

"Aajiriwe!"

Ndivyo Mshamu alivyoingia Mamlaka ya Vifungashio, Afisa Daraja la Saba, suti ya kijani na beji kifuani. Siku ya kwanza kuvaa ile suti, Bi Somoe aliishika kola kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani, akaanza kulia. Mshamu naye akalia. Kwa wiki nzima pale langoni hakuna aliyenunua bumunda bila kuambiwa: "Mwanangu yumo ndani ya serikali. Yumo ndani kabisa."

Jamani, furaha ile ilikuwa ya kweli. Naisema mapema, kwa sababu huko tunakokwenda haimo.

*

Haukupita mwaka, wakaja wataalamu. Walikaa hoteli miezi minne, wakaandika kitabu kinene kikasema Kanuni ya Kwanza haina viwango. Kuikataza plastiki haitoshi, ni lazima ijulikane kilichobaki kinaoza kweli au kinajidai. Ikatoka Kanuni ya Pili: kila kifungashio kiwe na chapa, kiwe na mzalishaji aliyesajiliwa, na kiwe na Cheti cha Kuoza.

Mshamu aliichukua fomu akampelekea mama yake mwenyewe. Alimkuta uani, anapasua uti wa katikati wa jani.

"Karatasi tu hiyo, mama. Nitakujazia mimi. Jani likikosa cheti, ni nini kitakachokipata?"

"Mie sina wasiwasi," Bi Somoe akasema. "Si uko ndani?"

Wakajaza. Aina ya kifungashio: jani. Rangi: kijani. Jina la mzalishaji... Hapo Mshamu akasita. Mama yake hazalishi majani, anayakata tu. Akaandika: Mgomba.

Fomu ikarudi baada ya wiki tatu. Mzalishaji hakuweka sahihi. Mzalishaji hakuambatanisha picha mbili ndogo zinazoonyesha masikio yote mawili. Mshamu akaenda kumwona mkuu wake wa idara, Bwana Likunda, mtu mpole, mnene, asiyewahi kumkasirikia mtu wala kumsaidia.

"Bwana Mkuu, mgomba ni mti."

"Sijakataa," Bwana Likunda akasema. "Lakini unazalisha, au hauzalishi?"

"Unazalisha."

"Kwa hiyo unataka uzalishe bila kuwajibika? Wenye viwanda tuwabane, mgomba tuuache uzurure?"

Mwishowe ilikubaliwa mgomba upigwe picha mbele na ubavuni, na utomvu wake upakwe mahali pa dole gumba. Bi Somoe alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Mpiga picha akamwambia ausogeze mgomba kushoto kidogo, akacheka tena upya. Mshamu hakuwa amemwona mama yake akicheka hivyo tangu baba alipofariki, akajiambia kimoyomoyo kwamba serikali nayo ina uzuri wake.

Kisha ikaja nyongeza ya Kanuni ya Pili: kila kifungashio kiwe na asilimia thelathini ya malighafi iliyokwisha kutumika. Hapo Bi Somoe hakucheka tena.

"Yaani niokote majani waliyolia chakula watu jana, niwafungie wagonjwa?"

"Ni kwa maandishi tu, mama."

"Mshamu, mwanangu. Wanakula wagonjwa."

Mshamu akaikunja fomu, akaondoka. Ofisini akaandika kwamba jani limeota kwenye udongo uliotokana na majani yaliyooza zamani, kwa hiyo limerejelewa mia kwa mia. Bwana Likunda alisoma mara mbili, akamtazama kwa jicho la mashaka, akagonga muhuri. Kijana alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi. Kilichobaki kilikuwa Cheti cha Kuoza, na hapo, alimwambia mama yake, hapo hata shetani hana la kusema.

*

Maabara ya Taifa ya Uozaji ilikuwa chumba chenye rafu. Utaratibu wake ulikuwa hivi: kifungashio huwekwa kwenye rafu siku tisini. Siku ya tisini Kamati huja, hukitazama kifungashio, hukigusa, na kuthibitisha kwamba kimeoza. Kanuni ilisema waziwazi: sampuli sharti iwepo.

Sampuli ya sita ilikuwa mfuko wa plastiki wa kampuni iitwayo Jani Hai, mali ya shemeji wa Waziri. Mfuko wenyewe haukuwa plastiki, la hasha. Uliitwa "utando hai". Ulichapwa picha za majani ya mgomba pande zote, na kishina kidogo, na umande. Sampuli ya saba ilikuwa jani la Bi Somoe.

Siku ya nne jani lilisinyaa. Siku ya kumi lilikuwa jeusi, limelainika. Siku ya ishirini na tano mfagiaji alipitisha ufagio kwenye rafu, kikaanguka kivumbi kidogo, akakipeleka kwenye maua.

Siku ya tisini Kamati ikaja. Mshamu ndiye aliyepangwa kuandika muhtasari. Aliingia na kalamu mbili, moyo unamdunda kwa furaha.

"Sampuli namba sita," akasoma Mwenyekiti. Mfuko wa Jani Hai ukaletwa, unang'aa. Wakaupokezana. Mmoja akauvuta, haukukatika. Mmoja akaunusa.

"Naona dalili," Mwenyekiti akasema. "Kwenye kona hapa. Una kila nia ya kuoza."

"Na umetoa ushirikiano," akaongeza Bwana Likunda. "Tangu siku ya kwanza haukutoka kwenye rafu."

Ikaandikwa: Imefaulu. Kisha ikaitwa sampuli namba saba. Wakaangalia rafu. Wakaangalia chini ya rafu.

"Haipo," Mwenyekiti akasema.

Mshamu akasimama. Mwandishi wa muhtasari hasimami, lakini yeye alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, haipo kwa sababu imeoza."

"Una ushahidi?"

"Ushahidi ndio huo, Mheshimiwa. Haipo."

"Kijana," Mwenyekiti akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "mimi nikitoka humu chumbani nitakuwa sipo. Je, nitakuwa nimeoza?"

Wajumbe wakacheka. Mshamu akabaki amesimama. Kulikuwa na maneno mengine kifuani, mengi, yenye jina la mama yake ndani. Kumbe asubuhi ileile Kanuni ya Tatu ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, na Mshamu alikuwa anaisoma huku amesimama: afisa yeyote atakayebainika kuwa na ndugu anayetumia kifungashio kisicho na cheti, aondolewe kazini siku hiyohiyo. Mle chumbani hakuna aliyejua yeye ni mtoto wa nani. Waliokuwepo kwenye sherehe ya uwanjani walikwishahamishiwa Wizara ya Mito, na Waziri mwenyewe tangu siku ile alikuwa amekula vingi na kusahau vingi.

"Kaa, uandike," Mwenyekiti akasema.

Akakaa. Akaandika: Sampuli namba saba haikuonekana. Imeshindwa. Maandishi yalitoka mazuri, yamenyooka, kwa ule mwandiko ambao mama yake alimlipia mwalimu wa pembeni amfundishe.

*

Mshamu hakumwambia mama yake. Alisema "linashughulikiwa". Wiki ya pili akasema "liko juu". Wiki ya tano Bi Somoe aliacha kuuliza, na hilo lilimuumiza Mshamu kuliko maswali.

Mama si mjinga. Alinunua mifuko ya Jani Hai, akajaribu. Aliutia unga mle, akafunga, akachemsha. Mshamu alikuta sufuria limegandwa na kitu cha kijani kinachonuka mpira, na mama yake amekaa mbele yake na kijiko, anakwangua.

"Umeyeyuka," akasema. "Na umande wake."

"Basi pumzika kwanza, mama. Mshahara wangu unatutosha."

"Nani aliyekwambia nauza kwa sababu ya kutosha?" Akaendelea kukwangua. "Kuna mama mmoja kule wodi ya tatu, koo lake limefanyiwa upasuaji. Kila kitu anatema. Bumunda langu anameza. Mwanawe ananisubiri pale langoni kila siku asubuhi. Nimwambie nini? Nimwambie linashughulikiwa?"

Mshamu akaondoka bila kunywa chai. Mjini tayari kulikuwa na mabango: MABUMUNDA YA JANI HAI, SASA NA LADHA ASILIA YA JANI. Ladha yenyewe ilipuliziwa kiwandani kutoka kwenye chupa. Chini kwenye bango palikuwa na picha ndogo ya mwanamke mzee amejifunga kitambaa kichwani, ameshika sinia. Sura haikuwa ya mama yake. Sinia lilikuwa lake, lile lenye alama ya kuungua ukingoni, walilipiga picha siku ya sherehe.

Kisha ikatangazwa Operesheni Taifa Jani. Maafisa wote watoke, kila mmoja na kituo chake, wakamate kila kifungashio kisicho na cheti. Mshamu alisoma orodha ubaoni mara tatu. Kituo chake: lango la hospitali kuu.

Alimwendea Bwana Likunda, akaomba abadilishiwe.

"Kwa nini? Una mtu pale?"

Swali lilikuwa jepesi, na aliyeliuliza alikuwa anatafuna karanga. Ilikuwa nafasi ya Mshamu. Jibu lilikuwa neno moja.

"Hapana, Bwana Mkuu. Jua tu. Pale hakuna kivuli."

"Utapewa kofia," Bwana Likunda akasema.

Alasiri alikwenda nyumbani. Bi Somoe alikuwa ameshakanda unga, bakuli limefunikwa, majani yamepangwa kando ya moto. Mshamu akakaa kwenye kigoda, akavua beji, akaivaa tena.

"Mama, kesho usiende langoni."

"Kwa nini?"

"Kutakuwa na jua kali."

Bi Somoe alichukua jani akalipitisha juu ya moto. Akaligeuza. "Ni wewe utakayekuja?"

Mshamu akainamisha kichwa.

"Mama, wakijua wewe ni mama yangu watanifukuza. Ipo kanuni. Nimekuficha jambo, jani lilishindwa, muhtasari niliandika mimi. Kwa mkono wangu. Nisamehe, mama, niliogopa." Sauti ikamkatika, na huyu ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa mwenye suti ya serikali.

Jani lililokuwa mkononi mwa mama likaungua. Ndilo jani pekee ambalo Mshamu aliwahi kuona mama yake akiliunguza. Akalitupa motoni lote.

"Unga umeshakandwa," akasema mwishowe. "Na yule mama wa wodi ya tatu anaamka na njaa. Nitakwenda, Mshamu. Siwezi kumnyima mtu chakula kwa sababu kuna watu hawakuona jani kwenye rafu."

"Na wakijua?"

"Nani atawaambia?"

*

Asubuhi, meza ya Mamlaka iliwekwa mbele ya lango, kando yake gari la kubebea vilivyokamatwa. Mshamu alikaa katikati na rundo la fomu, na kushoto kwake msichana wa Daraja la Nane aliyeshika muhuri. Askari wawili waliwakusanya wachuuzi wakawapanga mstari. Wauza karanga waliofunga karanga kwenye daftari za shule. Mwenye mihogo. Mzee anayeuza ubuyu kwenye vikapu vidogo vya ukili, ambavyo sampuli yake ililiwa na panya, ikahesabiwa kuwa imetoroka.

Walikuwa wanaogopa, na mtu akiogopa humwamkia hata mdogo wake. Mzee wa ubuyu, mvi tupu, akasema, "Shikamoo, Bwana Afisa." Mshamu alitaka kukataa, lakini mstari ulikuwa mrefu, jua linapanda, akasema "Marahaba." Mwenye mihogo, mama wa makamo, akamwamkia vilevile. Marahaba. Wa tatu, wa nne. Marahaba, jina? Marahaba, jina? Kufika wa kumi, Mshamu alikuwa hainui tena kichwa. Alitazama fomu tu. Ndivyo alivyopanga tangu usiku, kwamba kichwa kisiinuke mpaka kazi iishe.

"Shikamoo, Bwana Afisa."

"Marahaba, mama. Jina?"

Likamtoka hivyo, lote, kabla masikio hayajamfikishia sauti ilikuwa ya nani. Kalamu ikasimama. Mbele yake, juu ya meza, sinia lilikuwa limetuliwa taratibu, na mikono iliyolitua ilikuwa na makovu madogo ya moto kwenye vidole, ambayo yeye aliyajua moja moja tangu hajajua kusoma.

Akainua kichwa. Mama yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama yule msichana mwenye muhuri, kwa uso wa adabu, uso wa mtu aliyefika ofisini asikomjua mtu.

"Jina ni Somoe binti Athumani," akasema, pole pole, kwa kumrahisishia anayeandika.

Mshamu akaandika. Herufi zilipinda. Msichana akasubiri, akaona Bwana Afisa amenyamaza, akadhani amechoka na jua, akamsaidia kuuliza kilichobaki kwenye fomu.

"Unaishi wapi, mama?"

"Mtaa wa Mnazi Mkavu."

"Kifungashio?"

"Jani."

"Ndugu wa karibu? Mtoto, mume, yeyote. Tunaandika ili tujue wa kumpigia."

Askari tayari alikuwa ameliinua sinia analimwaga garini. Nyuma, kwenye nguzo ya lango, kijana mmoja aliyeshika bakuli tupu la wodini alikuwa akiangalia mabumunda yanavyoanguka. Mshamu akafungua mdomo. Wallahi alifungua, nisimsingizie. Ulimi ulikuwa tayari umelishika lile neno.

Bi Somoe akawahi.

"Sina, mwanangu," akamwambia yule msichana. "Niandikieni sina."

Msichana akamgeukia Mshamu, akangoja.

Mshamu akaandika: Hana. Kisha akausogeza ule ukurasa upigwe muhuri.